Sauti Inapolazwa

Novemba 1955 kampuni ya RCA Victor ililipa dola 35,000 kwa studio ndogo ya mjini Memphis, Marekani, ili ichukue mkataba wa kijana mmoja mwimbaji, Elvis Presley. Kwa soko la wakati ule hizo zilikuwa fedha za kufuru. RCA ilipewa mkataba, ikapewa na kanda za nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. Kilichobaki Memphis ni mwangwi. Katika nyimbo za kule kila neno la Elvis lilifuatwa na kofi fupi la sauti, likagonga mara moja na kupotea kabla neno lijalo halijatoka. Tarehe 10 Januari 1956 mafundi wa RCA walikaa na mwimbaji wao mpya mjini Nashville, na kwa kuwa hawakujua kofi lile linapigwaje, waliweka spika upande mmoja wa korido na maikrofoni upande wa pili, wakaiacha sauti itembee huko na kurudi. Wimbo uliotoka, "Heartbreak Hotel", uliuza zaidi ya nakala milioni moja. Hata hivyo, aliyezoea nyimbo za Memphis akiusikia anajua mara moja kwamba hiki si kitu kilekile: ule ni mwangwi wa jengo tupu.

Siri ya Memphis ilikuwa ndogo mno. Sam Phillips, mwenye studio ya Sun, alikuwa na rekoda mbili za utepe aina ya Ampex. Ndani ya rekoda ya namna hiyo utepe hupita mbele ya vichwa vitatu vilivyopangwa kwa foleni: cha kwanza hufuta, cha pili hurekodi, cha tatu husoma. Kati ya cha pili na cha tatu pana sentimita tano hivi. Utepe ukienda sentimita 38 kwa sekunde, neno lililoandikwa na kichwa cha pili hukifikia cha tatu baada ya milisekunde 130 hivi, yaani kama sehemu moja ya nane ya sekunde. Phillips aliipitisha sauti kwenye rekoda ya pili, akaichota pale kwenye kichwa cha kusomea, akaichanganya na ile ya asili. Basi.

Ukitaka sauti ichelewe, lazima uiweke mahali kwanza. Phillips aliilaza kwenye sentimita tano za utepe uliopakwa unga wa chuma. Waliokuja baada yake waliilaza kwingine na kwingine, na kila malazi mapya yaliipa sauti harufu yake. Leo prodyuza anayefungua programu ya muziki na kukuta orodha ya dilei, yaani vicheleweshi vya sauti, kumi na mbili, moja ya "utepe", moja ya "analogi", moja ya "dijitali", moja ya "ping-pong", anaangalia orodha ya malazi hayo, ingawa mara nyingi hajui.

Malazi ya kwanza yalikuwa hewa. Mwaka 1947 fundi Bill Putnam wa Chicago alitumia choo cha studio kama chumba cha mwangwi kwa wimbo "Peg o' My Heart" wa The Harmonicats, na studio kubwa zikajenga vyumba vya saruji kwa kazi hiyo. Tatizo la hewa ni kwamba sauti huikata kwa kasi ya mita 340 hivi kwa sekunde. Anayetaka nusu sekunde ya kuchelewa anahitaji mita 170 za njia, na kuta zitakuwa zimeitawanya sauti njiani hadi neno halijulikani tena kuwa ni neno. Chumba hutoa ukungu wa sauti. Hakitoi kofi.

Utepe ulitoka Ujerumani. Kampuni ya AEG ilionyesha rekoda yake ya Magnetophon mjini Berlin mwaka 1935, na vita vilipokwisha Jack Mullin, mwanajeshi wa Marekani wa kikosi cha mawasiliano, alipeleka mbili nyumbani, akaziunda upya na kuzionyesha mjini San Francisco mwaka 1946. Mwimbaji Bing Crosby, aliyechoshwa na kuimba kipindi cha redio moja kwa moja, alizipenda mno hata akaweka dola 50,000 kwa Ampex, kampuni changa ya California. Mwaka 1948 Ampex ikatoa rekoda yake ya kwanza ya kuuzwa. Crosby alimpa pia rekoda moja mpiga gitaa Les Paul, ambaye hakuwahi kuona chombo akakiacha kama kilivyo: akaongeza kichwa kingine, akaanza kurundika gitaa juu ya gitaa kwenye utepe. Kwa hiyo kofi la Memphis lilianza kwa mwimbaji aliyechoka na redio ya moja kwa moja.

Kilichofuata ni mbio za kuliingiza kofi hilo kwenye sanduku la kubebeka. Ray Butts, mwenye duka la ala katika mji mdogo wa Cairo, Illinois, alipachika kitanzi cha utepe ndani ya amplifaya, akaiita EchoSonic. Scotty Moore, mpiga gitaa wa Elvis, alinunua yake mwaka 1955. London ikapata Copicat ya Charlie Watkins mwaka 1958. Mike Battle wa Akron, Ohio, akatengeneza Echoplex, ambayo kichwa chake kilisogezwa kwa mkono ili mwangwi urefuke au ufupike mtu akiwa bado anapiga. Huko Milan, Binson hawakuupenda utepe hata kidogo. Echorec yao iliandika kwenye gurudumu la sumaku linalozunguka, na Pink Floyd wakaifanya sauti yao. Masanduku haya yote yalikuwa na magonjwa ya namna moja. Utepe ulichakaa, mota iliyumba, vichwa viliziba uchafu, na kila marudio yalipoteza sauti nyembamba na kuongeza mchakacho. Wapigaji walilalamika miaka nenda rudi. Tutaona walichokifanya dawa ilipopatikana.

Mwaka 1951 mwanafizikia Helmut Haas wa Göttingen alichapisha kipimo ambacho hadi leo ndicho msingi wa kazi hii yote. Sauti ileile ikirudi ndani ya milisekunde 30 hivi, sikio haliisikii kama sauti ya pili. Huiunganisha na ya kwanza na kuiona nene zaidi, na huamua mahali inapotoka kwa ile iliyotangulia. Ikivuka hapo ndipo linaanza kusikia kofi, na ikizidi sana inakuwa jibu linalosimama peke yake. Ken Townsend wa studio za Abbey Road alitumia upande mfupi wa kipimo hicho mwaka 1966, John Lennon alipochoka kuimba kila mstari mara mbili ili sauti yake inenepe. Townsend alimtengenezea mwenzake wa bandia kwa utepe uliochelewa kidogo tu, na albamu ya "Revolver" ya The Beatles imejaa ujanja huo.

Wengine walikwenda upande mrefu. Terry Riley, akiwa Paris mwaka 1963, alifanya kazi na fundi wa redio aliyenyoosha utepe mmoja kati ya rekoda mbili, ya kwanza ikiandika na ya pili ikisoma sekunde kadhaa baadaye na kuirudisha sauti kwa ya kwanza. Robert Fripp na Brian Eno walifanya hivyohivyo mwaka 1972 kwa rekoda mbili za Revox, gitaa moja likajijengea ukuta. Hapa mwangwi umeacha kuwa pambo la sauti nyingine. Ndio muziki wenyewe. Lakini hao walikuwa watu wachache katika vyumba vya utulivu. Waliolifanya jambo hilo kuwa la umma, la watu wanaocheza usiku kucha uani, walikuwa Kingston, Jamaika.

Osbourne Ruddock, aliyezaliwa mwaka 1941 na kujulikana kama King Tubby, alikuwa fundi redio. Alitengeneza redio za watu, akasuka transfoma, akaunda amplifaya za mitambo ya muziki wa mtaani, ile misururu ya spika ndefu kuliko mtu iliyopambana kila wikiendi kugombea wachezaji. Mtambo wake mwenyewe, Tubby's Hometown Hi-Fi, ulikuwa na U-Roy kwenye maikrofoni, nao ulitia mwangwi humohumo dansini. Wakati huo, kama inavyosimuliwa Jamaika, mwenye mtambo mmoja wa Spanish Town aitwaye Ruddy Redwood alikwenda studio ya Treasure Isle kukatiwa sahani, fundi akasahau kufungua sauti ya waimbaji. Badala ya kuitupa sahani hiyo Redwood aliipiga dansini, na watu wakaimba wenyewe maneno yaliyokosekana. Biashara ikazaliwa siku hiyo: upande wa pili wa kila sahani ukaanza kubeba wimbo uleule bila maneno.

Tubby alizipokea nyimbo za wengine kwenye chumba cha nyumbani, namba 18 Dromilly Avenue, Waterhouse. Bendi isingeenea mle, wala hakuihitaji. Mafundi wa studio kubwa walimletea kanda za njia nne: ngoma, besi, gitaa na kinanda, sauti. Alikuwa na mikisa ya MCI iliyokuwa mali ya studio ya Dynamic Sounds, na kila njia ilikuwa na kitasa cha kurushia sauti kwenye mwangwi. Kabla yake mwangwi mara nyingi uliwekwa kipimo kimoja mwanzoni mwa wimbo na kuachwa. Tubby aliufungua na kuufunga katikati ya neno. Alizima sauti ya mwimbaji kabisa, akaacha besi na ngoma zitembee peke yake; kisha, nusu sekunde kabla mstari haujaisha, akafungua njia, akairusha silabi moja tu, akafunga. Silabi ile ikaendelea kurudi yenyewe, kila mara ikiwa butu zaidi, hadi ngoma inayofuata ikaikanyaga.

Kinachofanya silabi iendelee kurudi ni kwamba sauti iliyosomwa hupelekwa tena kwa kichwa cha kurekodia. Ukirudisha nusu, mwangwi hufifia upesi. Ukirudisha karibu yote, unaganda. Ukizidisha, unapanda na kupanda mpaka unageuka yowe, na yowe hilo Tubby alilitia ndani ya muziki kwa kukusudia. Mjini humohumo Lee Perry, katika studio yake ya Black Ark iliyofunguliwa mwaka 1973, alifanya mambo ya ajabu zaidi kwa Space Echo ya Roland, mashine ya Kijapani ambayo muundo wake maarufu wa RE-201 ulitoka mwaka 1974: utepe haukuzungushwa kwenye gurudumu, uliachwa ujilundike huru ndani ya sanduku, ukapita mbele ya vichwa vitatu vya kusomea vilivyoweza kuwashwa kwa michanganyiko tofauti. Perry alipenda sana uchafu. Tubby alipenda nafasi. Mimi namweka Tubby juu, kwa sababu alitumia vitu vichache na akajua zaidi wakati wa kunyamaza. Aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake mwezi Februari 1989.

Wakati Kingston ikifanya hayo, maabara zilikuwa zikiutafutia utepe mrithi. Mwaka 1969 F. Sangster na K. Teer wa Philips, Uholanzi, walieleza sakiti yenye kapasita nyingi zilizopangwa mstari. Kila mpigo wa saa ya umeme, kila kapasita humkabidhi jirani yake chaji aliyonayo, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kwenda kwenye moto. Na wenyewe waliipa sakiti yao jina la mstari huo wa ndoo. Sauti sasa ililala kwenye umeme usiotulia, bila utepe wala mota. Miaka ya 1970 chipu hizo zikaingia kwenye vipedali vya gitaa kama Memory Man ya Electro-Harmonix, na mwaka 1981 kwenye DM-2 ya Boss, yenye milisekunde 300 tu. Ndoo huvuja. Kila makabidhiano hupoteza kidogo, mafundi wakalazimika kuchuja sauti ya juu ili kuficha mchakacho, na ndiyo sababu mwangwi wa analogi ni mzito na wa giza.

Mwaka 1971 ni wa kuchekesha kidogo. Duane Cooper na Bill Putnam, yuleyule wa choo cha Chicago, walitoa Cooper Time Cube, dilei iliyopitisha sauti kwenye mpira mrefu uliokunjwa ndani ya kasha, mfano wa mpira wa kumwagilia bustani. Ilichelewesha milisekunde 14 au 16, au 30 zote mbili zikiunganishwa, haikuweza zaidi. Mwaka huohuo Lexicon, iliyoanzishwa na Francis Lee, profesa wa MIT, ilitoa Delta T-101, na Eventide ya New York ikatoa DDL 1745. Hizi zilikata sauti kuwa namba na kuzipanga foleni ndani ya chipu. Kumbukumbu ilikuwa ghali mno, na wanunuzi wengi wa kwanza wala hawakuwaza mapambo. Walitaka kusawazisha spika. Kwenye tamasha la Watkins Glen, tarehe 28 Julai 1973, inakadiriwa walikusanyika watu 600,000. Spika zilisimikwa katikati ya umati, na dilei za Eventide zilizichelewesha ili sauti yake itoke pamoja na ile iliyokuwa ikija kwa miguu kutoka jukwaani.

Bei iliposhuka, malazi yakawa safi kupita kiasi. Boss walitoa DD-2 mwaka 1983, kipedali cha kwanza cha kidijitali cha ukubwa ule, na marudio ya kumi yakasikika karibu sawasawa na ya kwanza. Mwaka huohuo ala za kielektroniki zilipata lugha moja ya mawasiliano, MIDI, ambayo hutuma alama 24 katika kila pigo. Dilei ikajua kuhesabu. Kabla ya hapo mpigaji aligawa mwenyewe: 60,000 gawanya kwa mapigo ya dakika, upate milisekunde za pigo moja. Kwa mapigo 120, pigo ni milisekunde 500, na robo tatu ya pigo ni 375. Robo tatu hiyo ndiyo The Edge wa U2 aliyoijengea jina, kwanza kwa Memory Man na baadaye kwa SDD-3000 ya Korg. Mwangwi unaorudi kwenye robo tatu hauangukii pale mkono unapogonga. Unajaza mwanya, na gitaa moja linasikika kama mawili yanayojibizana. Sikiliza "Where the Streets Have No Name" ya mwaka 1987, kisha hesabu noti ambazo kweli zilipigwa.

Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa toleo la Cubase lililoruhusu athari za sauti kukaa ndani ya kompyuta kama programu ndogo zinazochomekwa, na miongoni mwa nne za mwanzo mojawapo iliitwa Stereo Echo. Steinberg waliwapa wengine bure maelezo ya kuziandika, na mvua ikaanza. FruityLoops ilitoka Ubelgiji mwaka uliofuata, Ableton Live ikatoka Berlin mwaka 2001. Ndani ya programu hizi malazi ya sauti ni safu ya nafasi kwenye kumbukumbu. Sauti ya kiwango cha CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ni nafasi 22,050. Alama moja inaandika, nyingine inasoma nafasi 22,050 nyuma yake, na zikifika ukingoni zinaruka mwanzo. Ni kitanzi cha Ray Butts, ila hakichakai. Ukiweka safu mbili na kila moja ikarudishia sauti upande wa mwenzake, umepata ping-pong, inayoruka kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia.

Kisha wale waliolalamikia utepe kwa miaka arobaini wakaanza kuudai. EchoBoy ya Soundtoys, iliyoandikwa na mafundi waliowahi kufanya kazi Eventide, ilipata sifa kwa kuiga mashine zilezile zilizokuwa zimetupwa, na yumbayumba zake zote. Ableton walipotoa dilei yao mpya, Echo, mwaka 2018, waliiwekea kitasa cha mchakacho na kitasa cha kuyumba. Mwaka 2022 Roland wenyewe, kwa chapa yao ya Boss, walitoa RE-202, Space Echo isiyo na utepe hata kipande, ambayo mtumiaji huchagua kama anataka utepe mpya au uliochakaa. Sioni unafiki hapo. Marudio safi hubishana na mwimbaji, kwa kuwa ni yeye mtupu anarudi. Marudio yaliyochakaa hurudi nyuma yake na kumpisha.

Mburahati, Dar es Salaam, ambako Sisso Studios ilitoa singeli zilizosambazwa nje mwaka 2017 katika "Sounds of Sisso" ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hesabu hii inageuka. Singeli huenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240: pigo ni milisekunde 250, nusu yake 125. Kofi la Memphis linaangukia nusu pigo karibu barabara, kwa hiyo kile kilichokuwa pambo la sauti kwa Elvis hapa ni mdundo mwingine. Mwangwi wa nusu sekunde, ule mrefu wa kupendeza wa rege, unarudi mapigo mawili baadaye, wakati mwimbaji yuko kwenye maneno mengine kabisa, na mambo yanavurugika. Njia ziko mbili. Moja ni ya Waterhouse: ufunge dilei wimbo mzima, uchore kwa kipanya mstari unaoifungua kwenye silabi ya mwisho tu. Nyingine ni dakingi, ambayo huinamisha mwangwi muda wote sauti inapoimba na kuuinua inapovuta pumzi. Dakingi ni rahisi na haichoshi mkono, ila haichagui silabi ipi irushwe; hiyo bado fundi anaichagua mwenyewe.